Vijiwe Visivyotoka kwenye Uteo wa Fadhiya

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Aliyetaka ni mjukuu wangu Fadhiya. Amenipa daftari akaniambia, "Nyanya, kila ukicheza gemu yangu niandikie ulichokiona. Kizuri, kibaya, chochote." Nimemwambia nikishashika kalamu nitaandika na mengine. Akacheka, akasema haya.

Shule sikwenda. Chuoni nilikwenda, nikahitimu msahafu, kisha nikaolewa. Herufi hizi nimefundishwa na huyu huyu Fadhiya alipokuwa darasa la tatu. Kila akirudi shule alitaka kuwa mwalimu, na mwanafunzi aliyekuwepo nyumbani ni mimi. Nilipokosea alinichapa kwa mwiko. Basi atakayeona makosa hapa amlaumu mwalimu.

Gemu yenyewe ni hivi. Kwenye kioo cha kompyuta pana uteo umejaa mchele, na ndani ya mchele mna vijiwe na chuya. Kando sufuria la maji liko motoni. Wewe washika mausi, kile kidude cha mkononi, wapeleka mshale juu ya kijiwe, wabonyeza, kijiwe chatoka. Maji yakichemka hujamaliza, mchele waingia sufuriani na mawe yake, na mkwe anatafuna kijiwe mbele ya wageni. Anashika shavu, anakutazama. Limechorwa vizuri hilo shavu mpaka mimi nimeona haya kweli.

Sasa hapa Kibokoni nani wa kunifundisha kuchagua mchele wa harusi? Nimeketi, nimeshika mausi, nimeanza. Kijiwe cha kwanza kikatoka. Cha pili nikabonyeza, kimekaa. Cha tatu kikatoka. Cha nne kimekaa. Nabonyeza, kiko pale pale, kinanitazama.

"Umekosea kulenga, Nyanya."

"Sikukosea."

"Labda umetelezesha mkono."

"Fadhiya. Sikukosea."

Naandika kama alivyotaka: vijiwe vingine havitoki.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Vijiwe havitoki.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja mwenzake wa kazi. Anaitwa Mung'aro, Mgiriama, anakaa upande wa Kibarani, wamesoma chuo kimoja. Yeye ndiye mchoraji: mchele wake, sufuria lake, shavu la mkwe lake. Na katika maandishi ya kompyuta yanayoiendesha gemu pia kuna sehemu ni zake. Nywele amezisokota kama kamba za kufungia mbuzi. Amenipa shikamoo vizuri, lakini huku mato yako kwenye simu, hanitazami. Sikumpenda.

Amekuja na kompyuta yake, mpya, nyembamba kama sahani. Fadhiya akamwonyesha kwenye ya kwake, ile kuukuu inayovuma kama stovu ya mafuta. Nikacheza, vijiwe vikakaa. Kisha nikacheza kwenye ya kijana, vikatoka karibu vyote.

"Kwangu inafanya kazi," Mung'aro akasema.

"Na kwetu je?"

"Kwangu inafanya kazi, Nyanya."

"Basi waite watu wote wa Mombasa waje wakae kwako."

Fadhiya akanifinya mguu chini ya meza. Nimewapa chai na mahamri kwa sababu mgeni ni mgeni. Kijana amekula vizuri. Hilo sikatai.

Jumatano, 16 Aprili

Leo alikuja Riyadh, mwanangu, babake Fadhiya. Anafanya kazi ya kutoa makontena bandarini na sauti yake siku hizi imekuwa kama ya bandarini. Fadhiya anakaa kwangu tangu amalize chuo, kwa hiyo kila Riyadh anapotaka kumgombeza lazima apande ngazi zangu, na anafika juu akihema.

Amekuja na neno lake. Mwisho wa Mei kuna maonyesho ya gemu za vijana katika ukumbi wa shule moja Kizingo. Fadhiya ameomba meza pale. Riyadh amesema, "Mpaka siku hiyo nimekuachia. Ikiwa kitu chako hakiendi, utakwenda Nairobi kwa mjomba wako, amekupatia nafasi ofisini. Mtoto mwenye cheti hakai kutwa akichagua mchele wa uongo."

"Sawa, Baba," akasema Fadhiya.

Mimi nikamwambia, "Riyadh, wewe ulipokuwa na umri wake kazi yako ilikuwa nini?"

"Mama, usinianze."

"Sikuanzi. Nauliza."

Akavaa viatu akashuka. Fadhiya akarudi kwenye kompyuta. Mtoto huyu akiwa na huzuni anakaza mgongo. Nimemwona mgongo kutwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Wiki nzima wanatafuta kosa. Kwanza wakasema ni mausi. Wakaifungua, wakaipuliza vumbi, wakaitandikia kitambaa. Havitoki. Wakasema ni unyevu wa masika umeingia kwenye waya. Havitoki. Stima ikapotea, ikarudi, wakasema labda ni stima. Havitoki.

Mutanu, mpangaji wangu wa orofa ya juu, Mkamba, karani wa reli, akawaazima mausi yake ya ofisini. Akaketi mwenyewe kujaribu. Ah! Kila kijiwe alichobonyeza kikatoka. Hakikukaa hata kimoja, ijapokuwa yeye ni mzito, maji yalichemka uteo uko nusu.

"Kumbe ni rahisi, Susu," akaniambia. Ananiita hivyo kwa kwao, nami nimemzoea.

"Wewe wabonyeza kama wagonga muhuri."

"Ndiyo kazi yangu, kugonga muhuri!"

Tukacheka. Lakini nimewaona Fadhiya na Mung'aro wakitazamana. Najua walichokuwa wakisema kwa mato: mausi nzima, gemu nzima, kibovu ni mkono wa bibi.

Mkono huu umekata mikate ya sinia, umesuka ukili, umewakanda wazazi waliojifungua arubaini zao, umemtoa Riyadh mwenyewe mtaroni akiwa na miaka mitatu. Leo umeshindwa na kijiwe cha kuchorwa?

Jumatano, 23 Aprili

Havitoki. Nimeacha kusema, naandika tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo alikuja Becky, mama anayesimamia yale maonyesho. Anapita kila nyumba kuangalia gemu kabla ya kugawa meza. Ni mtu mwema, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, amekula tambi zangu akaomba za kubeba. Ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kushika.

Alicheza kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikaenda vizuri. Akafurahi, akapiga picha. Fadhiya, kwa kuwa ni mkweli kupita kiasi, akamwambia, "Ila kwa nyanya yangu vijiwe vingine havitoki." Nikaonyesha. Becky akanitazama mkono, akatabasamu kama mtu anayemtazama mtoto akijifunga kamba za viatu.

"Wazee wengi huwa hivi kwenye mausi," akasema. "Si kosa lenu. Wekeni maandishi pale mwanzo: Bonyeza polepole, shikilia kidogo. Itasaidia."

"Polepole?" nikauliza.

"Ndiyo, Bibi. Taratibu tu."

"Mwanangu, mchele wa harusi hauchaguliwi taratibu. Ukiuchagua taratibu harusi itafika, mtoto atazaliwa, atasoma, ataoa, na wewe bado uko kwenye uteo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipokuwa akiondoka nilimsikia kwenye ngazi akimwambia Fadhiya, "Ukiweka hayo maandishi, meza mumepata."

Jumapili, 27 Aprili

Ameyaweka. Nimefungua gemu asubuhi, juu ya uteo pameandikwa kwa herufi za kijani: BONYEZA POLEPOLE, SHIKILIA KIDOGO.

Nimemwita. Amekuja na nywele hajazifunga.

"Hii ni nini?"

"Ni maelekezo, Nyanya."

"Ni matusi."

"Nyanya, tafadhali."

"Unaniandikia mimi polepole? Ndani ya nyumba yangu? Mwambie huyo aliyekutuma aje anitandikie mchele wa kweli hapa chini tuone nani polepole."

"Hakuna aliyenituma!" Akapaza sauti. Fadhiya hapazi sauti. "Nimetafuta kila mahali. Nimesoma kila mstari nilioandika, na alioandika Mung'aro. Sioni kosa. Mutanu anaweza. Mung'aro anaweza. Becky anaweza. Asiyeweza ni wewe peke yako, na meza tutapata kwa haya maandishi, na nisipopata meza Baba atanipandisha gari. Wataka nifanye nini?"

"Utafute."

"Nimetafuta!"

"Tafuta tena. Kitu chako kina kosa na wewe unalifunika kwa maneno. Leo wamwambia bibi yako ndiye mbovu. Kesho utamwambia nani?"

Akalia. Mimi nikilia nalia na kusema, yeye analia kimya, ndivyo alivyo tangu utoto. Nilitaka kumshika nikajizuia. Sikuwa nimemaliza.

"Ati mimi peke yangu," nikamwambia.

"Nionyeshe mwengine basi, Nyanya. Mmoja tu."

"Nitakuonyesha."

Kisha ndipo nikamshika. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Lakini maandishi hakuyaondoa, na mimi sikuirudia gemu.

Ijumaa, 2 Mei

Sichezi. Fadhiya ameniuliza kwa upole, nimemwambia nina kazi. Kazi yenyewe nilikuwa nakunja vikoi vilivyokwisha kunjwa.

Alhamisi, 8 Mei

Leo ilikuwa siku yangu.

Mjukuu wa Bi Esha, jirani yangu, anaolewa wiki ijayo, na uani kwa Bi Esha hakutoshi kwa sababu paa lavuja. Nikasema mchele ukachaguliwe kwangu. Wamekuja wanawake wa mtaa mzima, wakubwa watupu, kila mmoja na uteo wake kwapani na maneno yake mdomoni. Magunia yakafunguliwa. Tumekaa kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, mvua ikipiga bati, na yakaanza: nani kaachwa, nani karudiwa, mahari ya nani ilikuwa ya mdomo tu. Vidole vinakwenda vyenyewe. Kijiwe ukikigusa umeshakirusha, ukikitazama umechelewa.

Nikamwita Fadhiya. "Lete hiyo kompyuta yako."

"Hapa, Nyanya?"

"Hapa kwenye mkeka. Ile kuukuu, si ya mtu mwengine."

Akaileta na Mung'aro nyuma yake. Kijana alipoona uani pamejaa wanawake akasimama mlangoni, uso akaugeuza ukutani.

Wa kwanza alikuwa Bi Esha. Mausi hajawahi kuishika. Alipokwisha kujua kuupeleka mshale, akaingia kama aingiavyo kwenye mchele: ta, ta, ta, ta. Kimoja kikatoka, vitatu vimekaa.

"Mbona haitoi?"

"Endelea," nikamwambia.

"Nimeshakibonyeza hiki!"

"Endelea tu, dada."

Mkwe akatafuna. Wanawake wakapiga vigelegele vya kumzomea. Akaja mwengine, akaja mwengine. Yale yale. Aliyekuwa anasifika mtaani kwa kuchagua upesi ndiye aliyefanya vibaya kuliko wote, akasukuma mausi akasema, "Mashine hii ya kivivu. Ingekuwa mke wa mwanangu ningeirudisha kwao."

"Yaona haya kutoa mawe mbele ya watu!"

"Yataka ibembelezwe!"

"Hapo juu pameandikwaje? Po-le-po-le? Esha, umeambiwa wewe una haraka!"

"Nani kaandika? Aje aniandikie usoni!"

Mimi nilikuwa nachagua mchele wangu. Nilimtazama Fadhiya tu. Alikuwa amepiga magoti kando ya kompyuta na mdomo wazi, anatazama vidole, si kioo. Hakuwa na mgongo ule wa huzuni. Alikuwa ameinama kama paka aliyesikia kitu nyuma ya kabati.

"Mung'aro," akaita bila kugeuka, "njoo urikodi mikono."

"Naingiaje huko?"

"Rudi kinyumenyume kama kaa!" akasema mmoja, uani pakalipuka kicheko.

Kijana akaomba ruhusa kwa adabu, mato chini. "Mama zangu, mikono peke yake. Nyuso sitagusa." Wakajifunika, wakamruhusu, wakamtesa. Wakamuuliza kamba za kichwani ni za kuvulia au za kuanikia. Akajibu, "Ni za kufungia mkwe atakayetafuna kijiwe, Mama." Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba simpendi.

Akarikodi vidole kwenye uteo, akarikodi vidole kwenye mausi. Kisha akacheza ile picha mwendo wa kinyonga. Wakaiangalia mara nyingi, vichwa vimegusana. Hawakuniambia kitu. Lakini mahamri yamepoa na Mung'aro hakuyagusa, nikajua hapo pana jambo.

Wanawake walipoondoka Fadhiya akaja akaniketia miguuni.

"Si wewe peke yako," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia, Nyanya."

Jumamosi, 10 Mei

Wamelipata. Mung'aro amenieleza mwenyewe, amekaa chini, simu ameiweka mbali.

Anasema gemu haikodolei mausi mato wakati wote. Yachora picha ya uteo, ikimaliza yainua kichwa yauliza: kitufe kimebonyezwa sasa hivi? Ikiwa hapana, yainama, yachora picha nyingine. Ni kama mlinzi wa geti anayesoma gazeti, ainua kichwa, ainamisha. Ukipita wakati kichwa kiko chini, yeye ataapa hajaona mtu. Sisi kidole chetu chagusa na kuachia wakati gemu imeinama. Ikiinua kichwa, mkono umeshaondoka.

Kompyuta ya Mung'aro yachora upesi, kwa hiyo yainua kichwa mara nyingi. Ya Fadhiya ni nzee, picha moja yaichukua muda. Na Mutanu kwa kuwa agonga muhuri, kidole chake hukaa pale mpaka mlinzi aamke.

"Kwa hiyo sikukosea," nikasema.

"Hukukosea, Nyanya."

"Sema tena."

"Hukukosea."

"Na huyo mlinzi wa gazeti, nani alimwajiri?"

Akajikuna kichwa. "Mimi. Hiyo sehemu niliiandika mimi." Hakutafuta maneno ya kujifichia. Nikamwongezea chai.

Dawa yake anasema ipo. Kompyuta yenyewe haisahau. Kila mbonyezo huuweka kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwengine. Gemu ndiyo iliyokuwa haiendi kusoma foleni, yauliza tu sasa hivi, sasa hivi. Wataibadilisha isome foleni, imhudumie kila mtu aliyejipanga.

Fadhiya ameyafuta yale maandishi ya kijani. Ameniita nije nione yakifutika, herufi moja moja.

Jumatano, 14 Mei

Wameibadilisha. Nimeketi kama bibi harusi. Nikabonyeza kijiwe.

Ikatoa mchele.

Nikabonyeza kingine. Ikatoa punje ya mchele, safi, nyeupe, ikairusha nje, kijiwe kimekaa raha mustarehe. Kila nikibonyeza, yatupa mchele. Baada ya muda uteo mzima ulikuwa mawe na chuya, nafaka hamna. Mkwe akajaza kinywa mawe matupu.

Na Riyadh akaingia wakati huo huo. Akasimama nyuma yetu na mwavuli unamdondoka.

"Ndiyo hii?" akasema.

Mkwe kiooni akashika shavu.

"Yatupa mchele yabakisha mawe. Fadhiya, hii ndiyo kazi uliyoniambia?"

"Baba, tumepata kosa la kwanza, hili ni la—"

"Nimekukatia tiketi. Jumapili tarehe mosi, basi la asubuhi, Mwembe Tayari. Maonyesho ni Jumamosi, sikunyimi. Uende, uonyeshe, uage. Jumapili upande gari."

"Sawa, Baba."

Lo! Hilo sawa lake lilinichoma kuliko tiketi. Nikamwambia Riyadh ashuke ngazi zangu na mwavuli wake, sakafu yangu si mtaro. Akashuka. Mung'aro akachukua tambara akapangusa maji, bila kuambiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kutwa. Mchele unatupwa.

Jumanne, 20 Mei

Fadhiya amenikalisha leo. Nikasubiri aniambie nipunguze mwendo. Hakuniambia.

"Cheza unavyocheza, Nyanya. Mimi nitazame."

Nikacheza. Akawa anagusa kioo kwa kidole kila punje ilipotupwa. Nikacheza tena, na tena, mpaka adhana ya alasiri. Nikasali nikarudi. Mato yake yalikuwa mekundu lakini yanaona.

"Nyanya, ukishabonyeza hapa, mkono waenda wapi?"

"Kwenye kijiwe cha pili. Nikae pale nikingoje nini, nikiage?"

Akaganda. Kisha akainuka, akagonga meza, chai ikamwagika kwenye kanga yangu. "Haijui ulipobonyeza! Yajua ulipo!"

Nilimwambia anieleze kama anaeleza mtu. Akaeleza. Gemu sasa yasoma foleni, ndiyo, yajua kwamba bibi kabonyeza. Lakini inapofika kutoa kijiwe, yauliza: mshale uko wapi? Na mshale umeshaondoka, uko njiani juu ya mchele. Basi yatoa kilicho pale njiani. Kumbe ile foleni yenyewe huweka na mahali, kila mbonyezo umeandikiwa mahali ulipobonyezwa. Wao mahali hapo hawakupachukua, walichukua mkono ulipo sasa.

Akampigia simu Mung'aro. Hakusema hata salamu. "Ni mahali! Mahali pa wakati ule!" Nikamsikia kijana upande wa pili akipiga ukelele kama golini.

Ijumaa, 23 Mei

Vimetoka. Vyote. Kila nilichokigusa kimetoka, hakuna punje iliyotupwa, na maji hayajachemka. Mkwe amekula, amelamba vidole. Hiyo picha ya kulamba vidole nilikuwa sijawahi kuiona. Kumbe ipo tangu mwanzo.

Mung'aro amebaki kula chakula cha mchana. Nimempa kichwa cha samaki, ambacho simpi kila mtu.

Alhamisi, 29 Mei

Bado tiketi ipo. Riyadh nimempigia, anasema neno lake ni moja. Nimemwambia hata langu.

Jumamosi, 31 Mei

Kizingo kimya, miti mikubwa, magari yamepangwa, hakuna anayekwenda kwa miguu. Sisi tumekwenda kwa miguu. Mvua imetunyeshea Fadhiya kakumbatia kompyuta ndani ya buibui kama mtoto mchanga.

Becky alitupokea vizuri. Mezani palikuwa na kompyuta ya ukumbi, kubwa, inang'aa. "Tumieni hii," akasema, "hiyo yenu ni nzee, itawaaibisha."

Fadhiya akaitazama. "Ahsante. Itachezwa kwenye hii yangu."

"Lakini hiyo nyingine ina nguvu zaidi."

"Ndiyo maana. Watu wetu wana hizi. Ikienda hapa, itakwenda kokote."

Becky akaangalia kioo. "Na yale maandishi ya polepole?"

"Hayapo. Kosa lilikuwa letu, si la wazee. Bonyeza upesi uwezavyo."

Becky akabonyeza. Akabonyeza upesi. Akanyanyua mausi akaitazama chini. Kisha akanigeukia. "Bibi, nisamehe." Nimemsamehe pale pale, mtu aliyekula tambi zangu siwezi kumbeba moyoni.

Adhuhuri ilipopita wakaja wangu. Bi Esha mbele, kundi zima la mkekani nyuma, mabuibui yanadondoka maji, wameingia ukumbi wa vijana kama wanaingia jiko la harusi. Wakapanga foleni. Ta, ta, ta, ta. Vijiwe vinaruka. Vigelegele safari hii si vya kuzomea. Vijana wa meza nyingine wakaacha zao wakaja kutazama. Kuna aliyejaribu kumshinda Bi Esha, mkwe wake akatafuna, akaambiwa akaoe kwanza ndipo arudi.

Riyadh akafika. Akasimama nyuma muda mrefu. Nikamvuta mkono nikamkalisha kitini. Akacheza kama bandarini, kwa nguvu, polepole. Mkwe akatafuna. Akacheza tena, mkwe akatafuna tena. Akatoa kitambaa akajipangusa.

"Inakwenda," akasema.

"Inakwenda, Baba."

"Vizuri. Umeimaliza, umeionyesha. Kesho gari ni saa mbili, usiku ukafunge sanduku."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nina maneno nimeyaweka tangu Aprili kwa siku hii. Lakini Fadhiya alitangulia.

"Siendi, Baba."

"Umesemaje?"

"Siendi. Si kwamba sikuheshimu. Lakini sijamaliza. Nimetafuta kosa masika nzima kwa sababu Nyanya alikataa kuambiwa ni lake. Nikalipata, chini yake pakawa na jengine, nikalipata. Hii ndiyo kazi yangu. Naijua sasa. Ofisini kwa mjomba nitakuwa napanga faili huku nafikiria mchele."

Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mung'aro alikuwa anatazama dari. Mimi, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, nilinyamaza.

Riyadh hakuinuka. Alikaa pale kitini, mkono juu ya mausi, shingo imevimba. Nilimwona akitafuta neno lake lile moja. Nyuma yake foleni imefika mlangoni.

Bi Esha akamgonga begani kwa mwavuli. "We Riyadh, ikiwa huchezi ondoka. Watu tumesimama."

Mwanangu akamtazama Bi Esha. Akamtazama binti yake. Akavuta kiti karibu na meza.

"Niwekee mchele mwengine," akamwambia.

Jumapili, 1 Juni

Mvua kubwa. Saa mbili imepita, gari limekwenda. Fadhiya amesali alfajiri akarudi kulala, kalala mdomo wazi. Nimeshuka mara nyingi kuwaambia watoto wa mtaa wakacheze mpira kwengine.